Makinda Juu ya Paa la Jiko

Asubuhi niliyoondoka Wandegeya, mtaa wa Kampala, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nalala juu ya benchi za hoteli ndogo nyuma ya soko, ambako mchana niliosha sahani za wanafunzi wa chuo kikuu, na siku ile niliamka nikakuta mtu ameniwekea karai la vyombo vya jana kifuani. Hakuliweka kando yangu. Aliliweka kifuani hasa, kama mtu anayempakia punda. Sikuuliza ni nani, ingawa kuuliza ndiyo tabia yangu na ndiyo iliyonitoa shuleni mapema. Niliteremsha karai, nikavaa viatu, nikabeba begi langu hadi barabara ya Bombo, na kwa kuwa malori ya jeshi yalikuwa yakiteremka kuelekea mjini, mimi nikapanda kinyume chake. Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Kuta za maduka zilikuwa bado na matundu ya risasi, na watu walikuwa wameyaziba kwa matambara, kwa udongo, kwa posho, yaani ugali, iliyokauka, kila mtu kwa alichokuwa nacho. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini au karibu na hapo. Habari za kwetu, ng'ambo ya mpaka, nitaziacha huko huko.

Ninaandika haya kwa sababu ya matanga. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye matanga upande wa Busia, sahani ya wali magotini, na nyuma yangu bibi mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake habari za Kampala ya zamani. "Nilikuwa na kijana wa kazi," alisema, "kichaa kabisa. Anafuga mwewe! Anawatuma asubuhi, jioni wanarudi na kuku wa majirani." Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Na wewe hao kuku ulikula?" "Mimi? Mungu apishe mbali. Nilimfukuza siku hiyo hiyo." Sauti ile ningeitambua hata chini ya maji. Niligeuka. Mama Akoth, aliyewahi kuniajiri, alikuwa amezeeka, amepungua mwili, lakini kidevu kilikuwa kile kile, kimechomoza mbele kama mtu anayesubiri kupingwa. Alinitazama, akasema, "Mzee, nisogezee hiyo chumvi." Nilimsogezea kwa mkono wa kushoto, mkono wenye makovu. Yeye akatazama chumvi. Watu husema umri hulainisha chuki. Yangu imekauka tu kama ngozi, na ngozi kavu ni ngumu kuliko mbichi.

Siku ile niliyotoka Wandegeya, nilipofika Kawempe, nilimkuta amesimama katikati ya ua wake wa mabanzi, leso imefungwa kiunoni, akirusha mwiko angani. Mwiko ulianguka juu ya paa la jirani. Juu kabisa mwewe alikuwa akizunguka bila haraka, kitu cha manjano kikining'inia chini yake. "Shuka hapa chini kama wewe ni mwanamume!" alimwambia yule ndege. Ndani ya ua vifaranga walikuwa wamejibana chini ya kibanda, wote wakilia kwa sauti moja. Mama Akoth alikuwa akinunua vifaranga wa siku moja waliokuja kwa maboksi, anawalea kwenye joto la sigiri ya makaa mpaka wanaota manyoya, halafu anawauza. Kila alasiri ilikuwa lazima awatoe nje wapate jua, na kila alasiri mwewe alikuja. Ningeweza kupita. Badala yake nilisimama kwenye lango nikauliza, "Kiota chake kiko wapi?"

Akanigeukia. "Na wewe ni nani? Balozi wa mwewe?"

"Nauliza tu, mama."

"Kuuliza ni kazi? Kuna mtu anakulipa?"

Nilimwonyesha. Nyuma ya choo chake kulikuwa na mvule mkubwa, na kwenye panda ya juu palikuwa na lundo la vijiti na matambara ambalo mtoto yeyote angeliona. Alikuwa ameishi chini ya mti ule tangu vita viishe na hakuwa amewahi kuinua macho. Alitazama kiota, akanitazama mimi, na nikaona jinsi alivyochukia kuonyeshwa kitu kilicho kwake na mtu aliyetoka barabarani. Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote, na wakati ule lilinifanya nisahau njaa. Bibi yake, alisema, hakuwa akiua mwewe. Alikuwa akichukua makinda yao hai na kuyafunga uani. Wazazi hawawezi kuyaacha. Wanaendelea kuyalisha papo hapo, na penye watoto wake mwewe hawindi. "Anakuwa mlinzi wako bila kujua. Unaweza kupanda?" Nilisema naweza. "Basi utalala stoo na utakula jikoni. Lakini sikia. Makinda wakifa, na wewe huna kazi hapa. Siku hiyo hiyo unachukua njia."

Kila kitu kilichofuata kilisimama juu ya neno hilo moja. Kitanda changu kilitegemea uhai wa ndege wawili.

Niliwateremsha kesho yake kwa kamba na gunia. Kiota cha mwewe ni duka la mitumba: nilikuta kipande cha gwanda la askari, soksi ya mtoto, mifuko ya plastiki, na leso nyeupe iliyotariziwa jina la msichana. Katikati yake makinda wawili walikuwa wamelala kifudifudi kama wamekufa. Nilidhani ni wadogo na wanyonge. Walikuwa na manyoya laini ya kijivu kichwani na vibanzi vya manyoya ya kweli vikianza kutoka mabawani, na macho yao yalikuwa ya bibi arusi aliyeozwa kwa nguvu. Nilipomshika wa kwanza alijigeuza chali, akainua miguu yote miwili, akanidaka. Kucha zake zilikuwa nyembamba kama sindano ya kushonea magunia na zilikuwa hazijaguswa na kitu chochote duniani, kwa hiyo zilikuwa kali kuliko za mama yake. Ziliingia kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba, zikabaki humo. Nilivuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyokaza. Niliteremka mvule ule kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa na kiumbe ambaye uzito wake haukufika wa sufuria ya uji.

Aliyenifungua ni Papa Musafiri, Mkongo wa upande wa Bukavu aliyepanga chumba cha mwisho katika ua ule na kushona nguo barazani. Aliacha cherehani yake, akaja polepole, akatazama mkono wangu kama anayetazama suruali iliyochanika. "Usivute," alisema. "Weye unavuta, yeye anakaza. Nyoosha muguu yake. Polepole, ndugu. Kwa goti." Niliunyoosha mguu wa ndege, na kucha zikafunguka zenyewe, moja baada ya nyingine. Siku hizo ningeweza kusahau maumivu yoyote kwa kitu kama hicho. Nilimkunja mguu tena nikaona vidole vinajifunga; nikaunyoosha, vikafunguka; damu inadondoka kwenye viatu vyangu na mimi nafanya tena na tena, mpaka Mama Akoth alipopiga kelele kutoka jikoni, "Umeajiriwa kucheza?"

Tuliwaweka ndani ya tenga la mbao juu ya paa la jiko, mbao zikiwa zimeachana kiasi cha kupitisha nyama lakini si kupitisha ndege. Siku nzima wazazi walizunguka wakipiga miluzi. Jioni mama yao alitua juu ya tenga, akasukuma utumbo kati ya mbao mbili, na Mama Akoth, aliyekuwa akichungulia kutoka mlangoni, akaguna kama mtu aliyeshinda kesi. Tangu siku ile hakupoteza kifaranga hata mmoja. Vifaranga walitembea uani mchana kutwa, wanaparua, wanajitandaza juani, na mwewe walipita juu yao kama hawawaoni. Nilikaa kwenye gogo kwa saa nyingi nikitazama jambo hilo. Sikuwahi kuliona likielezwa popote, na hata leo sijui ni kwa nini.

Stoo niliyolala ilikuwa na magunia ya pumba na dagaa waliosagwa, ambao kule wanawaita mukene, na harufu yao iliingia kwenye nywele, kwenye mkate, hadi kwenye ndoto. Paa lilikuwa na matundu, na asubuhi jua lilichora vitone vya mwanga juu ya magunia. Chakula kilikuwa posho na maharagwe, Jumapili katogo ya ndizi na matumbo, na nilikula nje kwa sababu Mama Akoth alisema nanuka ndege. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya jiko, kuwatoa makinda mmoja mmoja, kusafisha tenga, kukagua miguu na macho yao, na kuwarudisha. Nilijifunza kuwafunika kichwa kwa gunia kwanza, kisha kupitisha mkono nyuma na kukamata miguu yote miwili kwa mkupuo mmoja. Nilipochelewa nukta moja, nililipa. Kadiri walivyozidi kukua ndivyo chuki yao ilivyozidi kuwa safi. Mbuzi akikupiga pembe, kesho anakuja kula mkononi mwako. Hawa, kila asubuhi niliyowahudumia walinitazama kama siku ya kwanza. Nilianza kuwaheshimu kwa hilo. Katika ua ule wao peke yao hawakujifanya.

Chakula walicholetewa kilikuwa kingi kuliko changu. Wazazi walileta utumbo kutoka kwa wachinjaji, panya, vichwa vya samaki, na mara moja kipande cha nyama choma kikiwa bado kwenye kijiti chake, cha moto. Niliwatazama makinda, nikatazama kijiti, nikala mimi. Papa Musafiri aliniona. "Barasa, unanyang'anya mutoto wa mwewe?" alisema akicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Hata shetani atakuogopa!" Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka mtu akicheka nami katika ua ule.

Jirani upande wa pili wa mabanzi alikuwa Nalongo, jina la heshima ambalo Waganda humwita mama wa mapacha. Alisuka mikeka. Siku nzima alikaa barazani na rundo la makuti ya ukindu aliyoyachemsha kwenye rangi, na rangi yake ilikuwa zambarau inayokaribia wekundu, kali kiasi cha kuumiza macho. Katika mtaa ule kila mwanamke aliyefuga kuku alipaka vifaranga wake rangi ya mikeka, kwa imani kwamba mwewe hali kitu asichokijua. Mmoja alipaka kijani, mwingine manjano ya machungwa, na Nalongo zambarau yake. Mama Akoth hakupaka; aliwacheka. Jioni nilisikia wakizungumza juu ya ukuta wa mabanzi kwa sauti zile tamu ambazo wanawake wawili wanaochukiana hutumia.

"Nyabo, kuku yako iko salama sana siku hizi," alisema Nalongo, akimwita mama kwa Kiganda.

"Ni maombi tu, Nalongo."

"Mimi pia naomba. Lakini ya kwangu inapotea. Jana moja. Leo moja."

"Labda ongeza rangi."

Asubuhi iliyofuata niliposafisha tenga nilikuta mguu mdogo wa kifaranga, na manyoya yaliyoshikana na damu kwenye mbao. Yalikuwa ya zambarau. Nilikaa juu ya paa nimeyashika. Nilifurahi kwanza, nakiri, kwa sababu nilikuwa nikijiuliza kwa muda mrefu kama ile rangi inamzuia mwewe, na hili ndilo lilikuwa jibu. Halafu nikaelewa sehemu ya pili. Mwewe hawakuwa wameacha kuwinda. Walikuwa wamehamishia mawindo upande wa pili wa ukuta na kuleta nyama huku. Nilishuka nikamwonyesha Mama Akoth. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukoroga uji. "Fagia," alisema. "Kila asubuhi, kabla watu hawajaamka. Zika nyuma ya choo. Na ufunge mdomo wako wa maswali." Nikajua kwamba bibi yake alikuwa amemwambia na sehemu hiyo pia.

Nilifagia. Nilikuwa na kitanda. Lakini mbao zilikuwa na nyufa, na makinda walirarua chakula chao kwa fujo, na manyoya mengine yaliingia chini ya mabati na kunasa kwenye mfereji wa maji ya mvua ambao mkono wangu haukufika. Nalongo na wenzake walitumia rangi kwa uchache kwa vifaranga. Hawakuichemsha kama walivyochemsha makuti, walikoroga na maji baridi tu na kumchovya ndege. Rangi isiyochemshwa haishiki. Mtu yeyote mtaani angeweza kuniambia hilo, lakini hilo ndilo swali pekee ambalo sikuuliza.

Mvua ilinyesha usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, mvua ya Kampala inayopiga mabati kama inadai. Mfereji wa paa la jiko uliteremsha maji kwenye pipa la uani, na pipa lile lilitumiwa na wapangaji wote, na majirani pia walikuja kuchota bomba lilipokauka. Papa Musafiri alichota asubuhi na mapema, akaloweka shati lake jeupe la kanisani. Alipolianika nilimwona amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Shati lilikuwa la waridi. Akaenda kwenye pipa, akainama, akatazama. Kisha akainua macho pole pole kwenye mfereji, na kutoka mfereji hadi kwenye tenga. Wakati ule Nalongo alikuwa tayari amefika langoni na jerikeni yake. Hakuhitaji kuelezwa. Aliingiza mkono pipani akautoa ukidondosha maji, akaupaka kwenye gomesi yake safi, lile gauni refu la Kiganda, hapo kifuani, ili kila mtu aone.

"Banange," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema jamani. "Hii ni rangi yangu."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa muuza makaa, mtu mnene mpole ambaye baada ya vita alipewa cheo na akazoea kusikilizwa. Alikuja alasiri ya Jumapili na nusu ya mtaa nyuma yake. Mama Akoth alimtolea kiti chake cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma, kiti ambacho mimi sikuwahi kukikalia. Wanawake walisimama na kuku wao waliosalia mikononi, kijani na manjano na zambarau, kama bendera. Juu ya jiko makinda, ambao sasa walikuwa karibu ukubwa wa wazazi wao, walipiga mabawa ndani ya tenga mpaka mbao zikalia.

"Hii ndege ni ya nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ya huyu kijana," alisema Mama Akoth kabla sijafungua mdomo. "Mimi nafuga kuku. Nani anafuga kuku na mwewe pamoja, Mwenyekiti? Mimi ni mjinga?"

Watu walicheka. Ilikuwa hoja nzuri, na niliona ikitembea kutoka uso hadi uso. Nalongo hakucheka. "Na paa ni ya nani? Wewe iko nakula kuku yangu kwa mudomo ya ndege!"

"Nalongo, chunga ulimi wako. Uko kwangu."

"Mulogo!" alisema mtu nyuma, na neno hilo, mchawi, lilipokewa na wengine. Nilihisi ua ukipungua. Waliokuwa mbele walisogea mbele zaidi.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Sikiriza, nyinyi wote. Kijana, wewe Mkenya, nani alikutuma?"

"Yeye," nilisema. "Aliniambia niwashushe. Alisema ndiyo dawa ya kwao."

"Mwongo! Nilimwokota barabarani, hana hata sahani. Nimemlisha, leo ananipaka kinyesi!"

"Kuna mutu alisikia?" Mwenyekiti alimgeukia Papa Musafiri, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, shati la waridi mwilini kwa sababu hakuwa na jingine la Jumapili. Alikuwa amesikia yote. Baraza lake lilikuwa hatua chache kutoka jikoni, na siku nzima masikio yake yalikuwa wazi. Alinitazama, akamtazama mama mwenye nyumba, akayashusha macho. "Mimi niko mugeni hapa, Mwenyekiti. Nashona tu. Macho yangu iko kwa sindano." Baadaye nimekutana na wakimbizi wengi na mimi mwenyewe nimelala mahali ambapo neno moja lingenitupa nje, na ninajua hakuwa na pengine pa kwenda. Kujua hivyo hakujanisaidia. Kila ninapomkumbuka bado nataka kumpasua shati lile.

Mwenyekiti alikuna goti. "Sikiriza. Kitu moja kati ya mbili. Unakata hii ndege shingo hapa, sasa, wote wanaona, halafu maneno inaisha, unabaki. Ama unaondoka Kawempe leo na shetani yako."

Nalongo alikuwa amekuja tayari. Alininyooshea panga lake la kukatia makuti. "Shika, ssebo. Ni kali."

Nililishika. Mtu angependa kusema kwamba niliwaonea huruma ndege, lakini sikuwaonea. Walikuwa wamenichana mikono kwa majuma, na ningeweza kuwakata na kulala usingizi mzuri. Nilichotazama ni mlango wa stoo. Begi langu lilikuwa limewekwa nje, juu ya kizingiti, mikanda imefungwa vizuri. Mama Akoth alikuwa amelitoa wakati Mwenyekiti akikaa kitini, kabla ya neno lolote kusemwa. Mwewe wakifa, hakuwa na haja nami; wakibaki, hakuweza kunitetea. Damu yao isingeninunulia hata usiku mmoja. Nilimrudishia Nalongo panga, mpini ukiwa upande wake, nikapanda juu ya jiko.

Hapakuwa na gunia la kuwafunika. Nilivunja ubao wa juu, na yule wa kwanza, mkubwa wao, akaruka moja kwa moja usoni pangu. Nilifumba macho, nikasikia kucha zikipita juu ya paji, kisha upepo, kisha kelele kutoka chini. Nilipofumbua alikuwa hewani, anapiga mabawa vibaya, anateremka kuelekea paa la Nalongo. Mawe yakaanza. Jiwe moja lilimpata ubavuni na akayumba, na hapo wazazi wakashuka kutoka kwenye mvule wakipiga miluzi juu ya vichwa vya watu, chini kabisa, hata wanawake wakajifunika kwa leso na Mwenyekiti akaanguka na kiti. Yule kinda aliinuka. Alifika tawi la kwanza la mvule, akashika, akatulia. "Yule hawezi kuondoka leo, Mwenyekiti," alisema mzee mmoja, na watu wawili watatu wakashindwa kujizuia wakacheka. Wa pili sikumpa nafasi. Niliingiza mkono wa kushoto tengani, wazi, nikamwachia anishike. Alinidaka juu ya kifundo cha mkono, kucha nane, na sikuunyoosha mguu wake. Niliteremka naye hivyo hivyo. Watu walifungua njia pana kuliko ambayo wangemfungulia mkubwa yeyote. Nilichukua begi. Mama Akoth alisema, "Mungu anakuona," nami nikamjibu kwa matusi ambayo sitayaandika, kwa lugha ya kwao, ili ayaelewe yeye tu.

Nje ya lango nilimfungua kucha, nikamfunga ndani ya shati langu la pili, nikamtia begini kichwa kikiwa nje. Tena sikuwa na mpango. Nilisimama kando ya barabara nikitazama juu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nimejifunza, nikaona mwewe wengine mbali, upande wa kusini-mashariki, makumi yao wakizunguka mahali pamoja, kama moshi. Penye mwewe wengi hivyo pana nyama ya kutupwa, na hapana mtu anayewahesabia dhambi. Nilikwenda huko. Nilipita Bwaise katika matope ya mvua, nikakata mji katikati, watoto wakinifuata na kuniacha mtaa hadi mtaa, na kila nilipopoteza njia nilitazama juu. Mara mbili nilitaka kumwacha yule ndege juu ya ukuta wa mtu. Mara zote mbili alinitazama kwa chuki ile ile, nikaona aibu kushindwa kabla yake.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika Bugolobi, kwenye maghorofa yaliyo karibu na viwanda. Mwewe walikuwa juu ya kila tangi la maji. Chini, kwenye bomba la uani, mtu wa makamo alikuwa akifua ovaroli ya kiwandani, akisugua kola kama ana ugomvi nayo. Nilimsalimu. Kwa namna alivyoitikia nilijua ni wa ng'ambo kama mimi. Nilimwambia natafuta mahali pa kulala, hata sakafu, na kesho nitatafuta kazi ya kubeba mizigo viwandani.

"Una mke?"

"Sina."

"Unakunywa?"

"Nikipata."

Alikamua ovaroli, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza: paji lililochanika, mkono uliovimba, begi. "Hicho ni nini?"

"Mwewe."

"Wa kula?"

"Hapana."

"Wa nini basi?"

Nilifikiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi niliyeuliza kila kitu sikuwa nimejiuliza hilo. "Sijui bado," nilisema.

Akaning'iniza ovaroli kwenye waya, akachukua ndoo yake, akaanza kupanda ngazi, na alipofika kwenye kona akageuka kuona kwa nini simfuati. "Chumba ni kimoja," alisema. "Dirisha ni langu. Nyinyi wawili mtalala upande wa mlango."